Matawi ya Kahawa Si Takataka: Jinsi Masalio ya Shamba Yanavyogeuka Kuwa Mbolea

Kila mwaka, matunda ya kahawa ya msimu mkubwa yakisha kuchumwa na kupelekwa kiwandani, wakulima wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Kirinyaga huchukua misumeno na makasi yao wakaingia shambani kupogoa. Kazi hiyo hufanywa baina ya Januari na Machi, kabla ya mvua za masika. Matawi yaliyochoka hukatwa, machipukizi yasiyotakiwa huondolewa, na mti huachwa ukiwa na nafasi ya kupitisha hewa na mwanga. Ifikapo jioni, rundo kubwa la matawi na majani limelala kando ya shamba. Ndipo mtu mmoja huleta kiberiti.

Moshi wake huonekana toka kilima kimoja hata kingine. Mkulima hulitazama shamba lake lililo safi, akaridhika kwamba amefanya kazi njema. Walakini masika yakikaribia, mkulima yule yule husimama katika foleni ya mbolea, fedha mkononi, akingoja kununua sehemu ya kile kile alichokiteketeza majuma machache yaliyopita.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Katika jambo la udongo methali hiyo yahitaji kugeuzwa kidogo, maana akiba ya shamba haina budi kuoza, na isipoozeshwa vizuri haiwi akiba.

KINACHOPOTEA MOTONI

Tawi la kahawa limejengwa kwa vitu vilivyotoka pande mbili. Kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mti, imetoka hewani. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chokaa na vinginevyo vimevutwa na mizizi kutoka ardhini. Tawi likichomwa, kaboni na sehemu kubwa ya naitrojeni hutoroka pamoja na moshi. Yanayobaki ni majivu, yenye potasiamu na chokaa. Majivu yana faida yake, lakini upepo huyapeperusha na mvua huyaosha upesi, na naitrojeni haimo tena.

Hasara kubwa zaidi ni ya mboji, yaani kile kitu cheusi na laini kinachopatikana mimea ikisha kuoza kabisa. Mboji ndiyo inayoushikamanisha udongo usichukuliwe na maji ya mvua, ndiyo inayohifadhi unyevu siku za jua kali, nayo huzishika chumvi za mbolea zisizame chini mbali na mizizi. Shamba lisilo na mboji ni kama debe lililotoboka: hata likitiwa mbolea ya dukani kila msimu, nyingi hupotea.

Si matawi ya kahawa peke yake yanayotupwa. Katika kila kilo 100 za matunda mabivu ya kahawa, karibu kilo 40 ni maganda mekundu yanayomenywa kiwandani, nayo yana potasiamu nyingi. Kuna mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe, migomba iliyokwisha kuzaa, majani yanayopunguzwa katika ua, magugu ya palizi, na mabaki ya chakula cha ng'ombe yaliyokanyagwa zizini. Vyote hivyo vilitoka katika udongo ule ule, na visiporudi, udongo huzidi kupungua. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

GHARAMA YA KUTEGEMEA GUNIA

Mwaka 2022 wakulima wa Kenya walionjeshwa ubaya wa kutegemea gunia peke yake. Bei ya gunia moja la kilo 50 la mbolea ya kupandia ilipanda ikazidi shilingi 6,000, kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine na mambo mengine ya biashara ya dunia ambayo mkulima wa Othaya au wa Kisii hana uwezo nayo. Serikali ililazimika kuingia kati, na mnamo Septemba mwaka huo ikaanza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500. Kisha mwaka 2024 likatokea jambo jingine la kusikitisha: baadhi ya magunia waliyouziwa wakulima yaligunduliwa kuwa na kitu hafifu kisichostahili kuitwa mbolea. Mtu aliyekwisha kupanda hawezi kumrudisha nyuma mwezi wa Machi, hata akirudishiwa fedha zake.

Hii si kusema kwamba mbolea ya dukani ni mbaya. Ina kazi yake. Lakini katika sehemu nyingi za nyanda za juu na za magharibi udongo umekuwa na asidi nyingi, na baadhi ya mbolea za chumvi zikitumiwa miaka mingi bila chokaa wala samadi huizidisha asidi hiyo. Mkulima mwenye mboji yake mwenyewe hununua magunia machache zaidi, na yale anayoyanunua hufanya kazi zaidi.

ELIMU ILIYOTOKA INDORE

Njia ya kuozesha masalio ya shamba si ngeni katika nchi hii. Mtaalamu mmoja wa mimea, Albert Howard, Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1905, alifanya kazi katika mji wa Indore tangu mwaka 1924 hata mwaka 1931. Huko aliwaangalia wakulima wa India, akasoma pia habari za wakulima wa China ambao kwa karne nyingi walirudisha shambani kila kitu kilichotoka shambani. Akaipanga elimu hiyo kwa utaratibu unaoweza kupimwa. Mwaka 1931 yeye na mwenzake Yeshwant Wad walichapisha kitabu juu ya matumizi ya masalio ya kilimo, na njia yao ikaitwa njia ya Indore.

Howard alikutana na taabu ile ile impatayo mkulima wa kahawa, yaani miti migumu. Mabua ya pamba na ya mbaazi hayakutaka kuoza. Basi yalitandazwa juu ya barabara za shamba, mikokoteni ya ng'ombe ikapita juu yake kila siku mpaka yakapondeka. Baadaye yalilazwa chini ya ng'ombe zizini, yakanywa mkojo na kukanyagwa. Mti mgumu uliopondwa na kulowa mkojo haukatai kuoza.

Mwaka 1933 shamba moja la kahawa karibu na Kiambu likaanza kuifuata njia hiyo, nayo ikaenea katika mashamba mengine makubwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 mabwana shamba walizunguka vijijini wakifundisha habari za mashimo ya mboji. Lakini siku zile kazi nyingi za kuhifadhi udongo zilikuja kwa amri. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kuendelea kuchimba matuta kwa kulazimishwa. Elimu ikachukiwa pamoja na fimbo iliyoileta. Kisha gunia la mbolea ya chumvi likaja, jepesi kubeba na lisilotaka kazi nyingi, na mashimo mengi ya mboji yakafukiwa. Leo hakuna wa kumlazimisha mtu, kwa hiyo mkulima aweza kulitazama jambo lenyewe na kulipima kwa faida yake.

UGALI NA MBOGA

Wanaoozesha takataka ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ni viumbe hai, nao kama viumbe wengine wahitaji chakula, maji na hewa. Chakula chao kina sehemu mbili. Kaboni huwapa nguvu, na naitrojeni huwajenga mwili. Matawi, mabua makavu na majani makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Samadi, mkojo, majani mabichi na maganda ya jikoni yana naitrojeni zaidi.

Mtu akipewa ugali mtupu kila siku hudhoofika, na akipewa mboga tupu hashibi. Vivyo hivyo vijidudu. Wataalamu wasema kwamba hufanya kazi vizuri penye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mkulima hahitaji mizani. Akichanganya vitu vikavu na vibichi kwa wingi unaokaribiana, akaongeza samadi, hatakuwa mbali sana.

Ni hapa wengi wanaposhindwa. Hurundika matawi peke yake, wakangoja mwaka mzima, wakayakuta vile vile. Au huyafukia yangali mabichi chini ya mti, nayo vijidudu vikaivuta naitrojeni ya udongo ili kuyala matawi hayo, mti wa kahawa ukageuka manjano kwa njaa. Tawi halifai kufukiwa kabla ya kuoza.

NAMNA YA KUJENGA RUNDO

Kwanza, matawi yachaguliwe. Yale mazito kuliko kidole gumba yawe kuni, na majivu yake yahifadhiwe. Yaliyobaki yakatwekatwe kwa panga vipande vya urefu wa kidole, au yatandazwe njiani yapondwe na magari na miguu. Yakiweza kulala zizini juma moja au mawili, ni bora zaidi.

Pili, mahali pawe penye kivuli, karibu na maji, pasipotuama maji ya mvua. Upana wa rundo uwe mita 1.5, na kimo chake mita 1.2 hivi. Urefu ni kwa kadiri ya masalio yaliyopo. Rundo dogo sana halishiki joto, na lililo refu sana kwenda juu hujikandamiza likakosa hewa.

Tatu, chini kabisa yawekwe matawi manene yasiyokatwa ili hewa ipite. Juu yake litandazwe tabaka la vitu vikavu na matawi yaliyokatwa, la sentimita 15. Lifuate tabaka la majani mabichi, kisha samadi ya sentimita 5, kisha udongo wa juu kidogo na majivu ya kunyunyiza tu. Majivu yasizidi, maana yakizidi naitrojeni hutoroka kwa harufu kali. Kila tabaka limwagiwe maji. Matabaka yarudiwe mpaka kimo kitimie, na juu ya yote rundo lifunikwe kwa majani ya migomba au nyasi.

Nne, maji yawe ya kadiri. Mtu akilifumbata konzi moja la takataka na kulikamua, liwe kama nguo iliyokwisha kukamuliwa: lenye unyevu lakini lisitiririke. Rundo kavu hukaribisha mchwa. Rundo lililolowa mno hunuka kama yai viza, kwa kuwa hewa imekosekana.

Tano, fimbo ndefu yenye ncha ichomekwe kwa mshazari mpaka katikati ya rundo na kuachwa humo. Hiyo ndiyo itakayoleta habari za ndani. Baada ya siku chache ichomolewe na kushikwa. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi yaendelea vyema. Ikiwa ya moto lakini kavu, yenye ukungu mweupe, rundo lataka maji. Ikiwa baridi mapema, huenda samadi au majani mabichi yamepungua, au hewa haipiti.

Joto la ndani hufika digrii 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto hilo, likikaa siku kadhaa, huua mbegu nyingi za magugu na viini vingi vya magonjwa. Lakini pembeni mwa rundo huwa baridi. Ndiyo sababu rundo hugeuzwa, ili yaliyokuwa nje yaingie ndani.

Mara ya kwanza ligeuzwe baada ya majuma mawili au matatu, mara ya pili baada ya majuma mengine matatu, na mara ya tatu baada ya mwezi. Karani aliyeajiriwa mjini, ambaye shamba lake liko nyumbani, asiseme kwamba kazi hii si yake. Kugeuza mara tatu kwaweza kufanywa katika safari zake za mwisho wa mwezi, na mtu wa nyumbani akatazama fimbo na maji.

Howard alipata mboji kwa miezi mitatu. Rundo lenye matawi mengi ya kahawa laweza kuchukua miezi minne hata sita, hasa mahali penye baridi. Mboji iliyoiva ni nyeusi au ya hudhurungi, haina joto, hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, na majani yaliyotiwa humo hayatambulikani tena. Vipande vya miti vilivyobaki vichekechwe na kutupwa katika rundo jipya, ambako huwa chachu ya kulianzisha.

ASIYE NA NG'OMBE

Asiye na ng'ombe atumie samadi ya mbuzi, sungura au kuku. Ya kuku ni kali, kwa hiyo iwe kidogo. Asiye na mfugo wowote atazame kandokando ya barabara. Ule mmea wa maua ya manjano kama alizeti, uitwao tithonia, umejaa katika ua na vichaka vya magharibi na vya nyanda za juu. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu nyingi, na huoza upesi. Watu wengi huufyeka na kuutupa. Majani ya mkalatusi, kwa upande mwingine, yasitiwe mengi, kwa kuwa mafuta yaliyomo huwachelewesha vijidudu.

Kuna na njia nyingine, itokayo Japani, iitwayo bokashi. Katika hiyo takataka hazioi kwa hewa, bali huchachushwa pasipo hewa, kama vile maziwa yanavyogeuka kuwa mala. Mabaki ya jikoni hutiwa katika ndoo yenye kifuniko kizuri, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hunyunyizwa pumba zilizochachushwa kwa molasi na hamira ya vijidudu vifaavyo. Hukandamizwa, na ndoo hufunikwa. Ikisha kujaa, huachwa majuma mawili. Kinachotoka hakifanani na mboji, maana bado kina asidi na huonekana kama mabaki yaliyotiwa siki. Hufukiwa udongoni mbali kidogo na mizizi, na hungojwa majuma mawili mengine kabla ya kupanda. Bokashi yafaa jikoni na katika bustani ya mboga. Kwa matawi magumu ya kahawa, rundo ndilo bora.

TAHADHARI

Si kila kitu kiingie katika rundo. Ugonjwa wa kuozesha tunda la kahawa, uliotambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, hukaa katika matunda yaliyokauka mtini na katika maganda ya matawi. Matawi ya mti ulionyauka ghafla kwa ugonjwa wa gome yachomwe. Hapo kiberiti kina kazi ya haki. Mizizi ya sangari na ndago ianikwe juani mpaka ikauke kabisa kabla ya kutiwa. Plastiki, betri na dawa za wadudu zisikaribie.

HESABU

Kiasi kinachofaa kwa mti mmoja wa kahawa ni debe moja la mbolea iliyooza vizuri kwa mwaka. Debe ni lita 20, kwa hiyo miti 100 yahitaji lita 2,000. Rundo la upana wa mita 1.5, kimo cha mita 1.2 na urefu wa mita 2.5 hushika lita 4,500. Likipungua hata nusu katika kuoza, hubaki lita 2,250, yaani madebe 112. Rundo moja hutosha miti 100, na madebe machache hubakia kwa mboga za mama wa nyumbani.

Hata hivyo mkulima asidanganyike. Mboji kavu kwa kawaida ina naitrojeni kilo moja hadi mbili tu katika kila kilo 100, na hutolewa polepole kwa miaka kadhaa. Gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lina kilo 9 za naitrojeni, nayo hupatikana mara moja. Kwa hiyo mboji haitalifukuza gunia katika mwaka wa kwanza. Yafaa udongo upimwe, na pengo lijazwe kwa mbolea ya dukani na chokaa kadiri ya kipimo. Tofauti ni kwamba chumvi hulisha mti wa msimu huu, na mboji hujenga udongo watakaorithi watoto.

Tena mboji ya matawi ya Februari haitakuwa tayari kwa mvua za masika za mwaka huo. Itaiva Juni, Julai au Agosti, nayo itatiwa shambani kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Subira hiyo ndiyo gharama yake kubwa, pamoja na jasho la kukata na kugeuza. Mwenye kuianza mwaka huu ataona faida kidogo, na mwenye kuiendeleza miaka mitatu ataushika udongo wake mkononi na kujua tofauti bila kuambiwa na bwana shamba.

Basi kupogoa kutakaporudi, na rundo la matawi likalala tena kando ya shamba, mkulima alitazame vizuri kabla ya kuita moto. Lile ni sehemu ya shamba lake, na kiberiti akitunze kwa kazi ya jikoni.